Mimi na Mama Mkwe Kwenye Kibanda Umiza

Nilihamia kwa mama mkwe wangu nikiwa na mimba ya miezi sita. Mume wangu alikuwa dereva wa lori, leo Tanga, kesho Morogoro, keshokutwa hajui mwenyewe, na hatukuona sababu ya mimi kukaa peke yangu kwenye chumba cha kupanga Lushoto mjini nikisubiri siku ya kujifungua. Nikaomba uhamisho wa shule. Nikaupata upesi kuliko nilivyotegemea, maana walimu wanaoomba wenyewe kwenda Mtae, kijijini kwa mama mkwe, si wengi. Basi linapanda na kuzunguka mpaka unaacha kuhesabu kona, na mwisho wa barabara ndio huo mgongo wa mlima, nyumba zimejipanga juu yake, upepo unapita kati.

Mimi ni mtoto wa Singida. Kwetu ukitoka nje unaona mbali kwa sababu ardhi imelala. Pale unaona mbali kwa sababu ardhi imekatika. Wiki ya kwanza sikuthubutu kwenda nyuma ya choo, kwa kuwa hatua chache tu kutoka pale mlima uliishia, na chini kabisa ulionekana uwanda wa Mkomazi, umefifia kama kitu cha kuota. Mama mkwe alikuwa anakwenda kukata majani ya ng'ombe kwenye ukingo ule ule, ameshika mundu, hata haangalii anapokanyaga.

Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu wa mwili, mjane wa miaka mingi. Kabla zahanati haijapata wauguzi wa kutosha, yeye ndiye aliyeitwa mwanamke aliposhikwa na uchungu, na watu wengi wa rika la mume wangu pale kijijini walipokelewa na mikono yake. Maneno hakuwa nayo. Kiswahili chake kilimtosha sokoni na kwenye shughuli, lakini nyumbani aliongea Kishambaa, na Kishambaa changu mimi kilikuwa salamu tatu na neno hongea, yaani asante. Kwa hiyo nilikuwa nashukuru siku nzima. Akinipa chai, hongea. Akinipokea kuni, hongea. Yeye aliniita Mwalimu. "Mwalimu, chakula." "Mwalimu, mtoto analia." Mwanangu alizaliwa, wa kike, na wakati wote wa uchungu mama mkwe alikaa mlangoni kwenye kituo cha afya, hajanywa hata maji, lakini tuliporudi nyumbani tukaendelea vile vile, yeye na kimya chake, mimi na hongea zangu. Nilijiambia kwamba hanipendi. Pengine alitaka mwanawe aoe msichana wa huko huko milimani, anayejua kukata majani ukingoni bila kutetemeka. Sikumlaumu. Nilikuwa nalia kidogo jioni, halafu nanawa uso.

Mwezi wa kumi na mbili shule zikafungwa, na Kombe la Mataifa ya Afrika likaanza, na timu yetu ilikuwa imo.

Sijui kama naweza kueleza Mtae ilivyokuwa siku zile. Ukungu ulikuwa unashuka mchana mpaka huoni jirani, lakini ndani ya ukungu unasikia watu wanabishana kuhusu mabeki. Wanafunzi wangu walichora jedwali la makundi kwa mkaa kwenye ukuta wa ghala la viazi, na mwenye ghala, mtu mkali anayejulikana kwa ukali, akaliacha, tena akawasahihisha walipokosea. Vijana wa bodaboda walifunga vitambaa vya bluu kwenye vioo vya pikipiki. Wazee wakitoka msikitini walisimama kwenye uzio wa duka kuulizana nani kaumia goti. Nyuma ya duka hilo kulikuwa na kibanda umiza, chumba cha matofali ya udongo chenye mabenchi na televisheni moja, na humo ndimo mechi zote zilioneshwa. Kilijaa wanaume. Sikuwahi kuona mwanamke akiingia.

Nami nilikuwa naumwa na hamu. Baba yangu ni fundi baiskeli. Mimi ndiye mtoto wake wa kwanza, na kwa miaka kadhaa nilikuwa peke yangu, kwa hiyo hakuwa na mwingine wa kusikiliza naye mpira wa redioni ila mimi. Nilikuwa namshikia spana, redio iko juu ya kreti la soda, mtangazaji anakimbiza maneno, na baba ananieleza: huyu kaotea, ile ni kona, usifurahi bado. Nilijua kuotea ni nini kabla sijajua kuandika jina langu. Sasa nilikuwa mke wa watu, mwalimu wa watoto wa kijiji, nina mtoto mchanga, nipo ukweni. Ningeingiaje kwenye kibanda kile na kubanana bega kwa bega na baba za wanafunzi wangu?

Nikapata njia yangu. Simu yangu ilikuwa na redio, lakini spika ilikuwa imekufa tangu ilipoangukia ndoo ya maji, hivyo usikilizaji ulikuwa wa waya wa masikioni tu. Mechi yetu ya kwanza ilianza baada ya chakula cha jioni. Nikaenda jikoni kuosha vyombo, nikarudisha mlango, nikavaa waya chini ya mtandio, simu nikaichomeka kifuani.

Tulifungwa. Lakini kabla ya bao lao la mwisho tulisawazisha, na tuliposawazisha nilicheka kwa sauti, peke yangu, mikono kwenye maji ya sabuni, nikasema, "Jamani! Jamani wewe!" Nilipogeuka, mlango ulikuwa umefunguka kidogo. Mama mkwe alikuwa amesimama na taa. Nikavuta mtandio haraka, nikafunika sikio. Yeye akachukua kikombe ambacho hakukihitaji, akaondoka.

Sikujua nimejiweka katika hali gani mpaka asubuhi. Tulikuwa tumekaa barazani tunamenya njegere, mtoto amelala mgongoni kwangu. Alimenya muda mrefu. Halafu akaweka ungo chini.

"Mwalimu," alisema, "huyo unayeongea naye jikoni ni nani?"

"Nani, mama?"

"Jana ulikuwa unacheka. Ukaniona, ukaficha simu." Alikuwa anatafuta Kiswahili neno moja moja, na kila neno alilitua polepole kama mtu anayepanga mayai. "Mwanangu yuko njiani usiku na mchana. Mimi sijamwambia. Nimesema nikuulize wewe kwanza."

Damu ilinipanda usoni. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, na nikaona mikono yake imetulia kabisa juu ya magoti, mikono ambayo haikutulia hata siku moja. Alikuwa anaogopa jibu langu. Mwanamke yule, anayesimama ukingoni mwa mlima bila wasiwasi, alikuwa ananiogopa mimi.

Nikatoa simu, nikachomeka waya, nikatafuta stesheni. Kulikuwa na kipindi cha michezo cha asubuhi, wanarudia vipande vya utangazaji wa jana. Nikamwekea sikioni.

Akasikiliza. Uso wake ukakunjamana.

"Anagombana na nani huyu?"

"Hagombani, mama. Anatangaza mpira. Ndiye niliyekuwa naye jikoni."

"Mpira." Alisikiliza tena. "Huu wa televisheni? Wanaoupigia kelele kule dukani?"

"Ndiyo, mama. Nisamehe. Niliona aibu."

Alitoa waya sikioni, akautazama, akanirudishia. Nilisubiri aseme kuhusu wanawake wenye adabu. Alichukua ungo wake, akamenya maganda mawili matatu, ndipo akasema, bila kuniangalia:

"Umekaa humu mwezi wa kumi sasa. Sijawahi kukusikia unacheka. Nilikuwa nafikiri watu wa kwenu hawacheki. Nikafikiri labda nimekukosea, na wewe ni msomi, hutaki kusema."

Nilimwambia tu hongea, neno pekee lililokuwa karibu, na halikufaa, na wote wawili tukajua halikufaa, na akatabasamu. Meno yake yalikuwa madogo, yamepangana vizuri. Nilikuwa sijayaona.

Siku ya mechi ya pili, dhidi ya majirani zetu wa upande wa ziwa, alirudi kutoka kukamua ng'ombe mapema. Akaswali isha, akavaa sweta lake jeusi, akajifunga kanga juu yake, akachukua kigoda na ungo wa njegere. Akasimama mlangoni kwangu.

"Mfunike mtoto. Twende."

"Wapi, mama?"

"Kwa huyo rafiki yako anayegombana."

Njiani nilijaribu kumzuia. Nilimwambia watu watasema. Akaniuliza watasema nini. Nikamwambia watasema mkwe wako anakaa na wanaume. "Atakaa na mimi," alijibu. Ukungu ulikuwa mzito, tunafuata mwanga wa tochi yake, na nilisikia kigoda kinagongana na ungo, tak, tak, mpaka dukani.

Alipoinamisha kichwa kuingia, wanaume wa mbele walikuwa wanashangilia wimbo wa taifa ukipigwa. Kelele zikakatika kuanzia mlangoni kwenda ndani. Mwenye kibanda, kijana mnene mwenye kofia ya sufu, akashuka haraka kwenye meza alipokuwa anarekebisha waya.

"Shikamoo bibi. Kuna tatizo? Kuna mgonjwa?"

"Marahaba. Hakuna mgonjwa. Mkamwana wangu anataka kuona mpira."

Mtu mmoja katikati ya mabenchi, mzee wa makamo niliyemfahamu kwa kuwa mtoto wake alikuwa darasani kwangu, akasema kwa upole lakini kwa sauti ya kusikika, "Mama, humu kuna matusi. Si mahali penu."

Mama mkwe akamulika tochi mpaka akamwona uso. "Wewe," alimwambia, "ulitoka miguu mbele. Tulihangaika na wewe tangu alfajiri mpaka adhuhuri, mama yako na mimi. Hukutukana siku ile. Leo nyamaza kidogo tu, kama ulivyonyamaza siku ile, mpaka nikakupiga makofi ndipo ukalia."

Kibanda kizima kililipuka kwa kicheko, na mzee yule naye akacheka, akajifunika uso kwa kofia yake. Kisha wakaanza, mmoja baada ya mwingine, shikamoo bibi, shikamoo mama, mpaka salamu zikaenea benchi zote. Walitupisha pembeni, chini ya dirisha. Yeye akaketi kwenye kigoda, mimi kwenye ncha ya benchi, yeye kati yangu na wanaume, ungo mapajani.

Alikuwa haelewi chochote. Aliniuliza kwa sauti ya chini kwa nini yule anayekimbia na filimbi hapigi mpira. Aliuliza kwa nini watu wetu wamevaa hivi na wale vile, na kama waliovaa sawa ni ndugu. Nilimweleza kama baba alivyonieleza mimi, polepole, na niligundua kwamba vijana wa jirani walikuwa wameegemea kusikiliza, mmoja akawa anatafsiri vipande kwa Kishambaa. Mikono yake ilimenya muda wote. Lakini tulipopata penalti mikono ilisimama, na ilipoingia nyavuni njegere zilimwagika chini, na wanaume wazima wakapiga magoti gizani kuziokota huku wanashangilia.

Wakasawazisha. Halafu, dakika za mwisho kabisa, wao nao wakapata penalti. Watu waliacha kupumua. Mtu wa mbele yangu alikuwa amegeuza uso ukutani. Kijana wao akakimbia, akapiga, mpira ukapaa juu ya mtambaa panya wa goli, na kibanda kikawa kama kinang'oka. Nilikuwa nimesimama nimemkumbatia mama mkwe, sikumbuki nani alianza.

Yeye alikuwa bado anatazama televisheni. Walikuwa wanamwonesha yule aliyekosa, ameshika kichwa, amechuchumaa.

"Mama yake anamwona?" aliniuliza.

"Pengine, mama."

"Maskini," alisema. Kisha akasema kwa Kishambaa, kwa watu wote, maneno ambayo kijana wa jirani alinitafsiria baadaye: kwamba wafurahi, lakini wasimcheke huyo mtoto, naye kazaliwa kwa uchungu. Na kweli, waliokuwa wanamkejeli walinyamaza, mpaka kipenga cha mwisho.

Tuliporudi nyumbani nilimpigia baba Singida, kama nilivyokuwa nikifanya baada ya kila mechi tangu nilipokwenda chuo. Mama mkwe alikuwa karibu, anafunga zizi. Akaniuliza ninaongea na nani, safari hii kwa kicheko, nikampa simu na waya. Walikuwa wameonana siku ya harusi tu. Nilimsikia akisema, "Ndiyo, mkwe wangu. Tumeona. Tumeona kwa macho yetu." Akasikiliza. "Hapana, yule beki wa kushoto mvivu." Nilimwangalia kwa mshangao. Nani alimwambia habari za beki wa kushoto? Mimi, bila shaka, katikati ya mechi, na nilidhani hakunisikia.

Habari zilizunguka mlima mzima kabla ya mechi ya tatu. Jioni hiyo, mara baada ya magharibi, tuliwakuta wanawake sita wamesimama nje ya kibanda na watoto wao, wamejitanda, wanamsubiri mama mkwe awaingize. Aliwaingiza. Mwenye kibanda alikuwa ameweka benchi upande wetu, na mtu alikuwa amepiga deki sakafu.

Siku hiyo tulihitaji sare ili tuwe na matumaini ya kupita. Tukatanguliwa kwa penalti. Mapumziko yakafika tuko nyuma kwa moja, watu wanatafuna kucha, na timu zinarudi uwanjani tu, umeme ukakatika.

Mngurumo wa masikitiko uliopanda pale sijawahi kuusikia tena. Jenereta la dukani lilikuwa limekwenda kutengenezwa Lushoto. Vijana wakawasha simu, lakini mtandao kwenye ukungu ule ulikuwa unakuja na kwenda, picha zinaganda. Ndipo nikakumbuka redio yangu. Nikavaa waya, nikatafuta stesheni, ikashika, mtangazaji yuko palepale anakimbiza maneno.

"Mwalimu ana redio!" mtu akasema. "Weka sauti, Mwalimu!"

"Spika imekufa," nilisema. "Nasikia mimi tu."

Yule mzee aliyezaliwa miguu mbele akasema, "Basi tuambie."

Nilisimama. Mtoto alikuwa amelala mgongoni. Kulikuwa na tochi mbili tatu tu, nyuso zote zimegeukia kwangu, ambazo dakika moja kabla zilikuwa zimeigeukia televisheni kwa hasira. Nikaanza kwa aibu. Mpira uko kwa kipa wao. Ameupiga mbele. Sisi tunao katikati. Maneno yakaanza kwenda yenyewe, yalikuwa yale ya utotoni, ya juu ya kreti la soda. Pembeni yangu nikasikia sauti ya mama mkwe. Kulikuwa na bibi wawili kati ya wale wanawake wasiojua Kiswahili vizuri, na alikuwa anawageuzia kila ninachosema kwa Kishambaa. Nikisema sentensi, naye anaisema. Nikinyamaza, ananyamaza.

Halafu masikioni mwangu mtangazaji akapiga kelele, na mimi nikapiga kelele, na maneno yakaniishia. Nilishindwa kabisa kusema. Nilikuwa nimeziba mdomo kwa mikono miwili.

"Nini? Nani kafunga?" Watu walisimama. "Mwalimu, nani? Wamefunga wao?"

Mama mkwe akainua tochi, akanimulika usoni. Aliniangalia kwa muda wa pumzi moja. Kisha akawageukia watu, akanyoosha mkono juu, na kwa Kishambaa na Kiswahili akasema kwa sauti niliyokuwa sijui kwamba anayo:

"Ni sisi! Ni sisi! Mwanangu anacheka hivi akifurahi!"

Hawakusubiri uthibitisho. Mabenchi yalianguka. Wanawake walipiga vigelegele, watoto wakaamka wote kwa pamoja wakalia, wa kwangu akiwamo, na mimi nilikuwa nalia pamoja nao, kwa sababu ya goli, na kwa sababu ya lile neno mwanangu. Umeme haukurudi. Nilitangaza mpaka mwisho, sauti imekauka, naye akinifuata neno kwa neno. Ilikwisha sare. Tulipojua kwamba tumepita, mara ya kwanza kabisa, watu walitembea kwenye ukungu juu na chini ya barabara ile moja ya Mtae wakiimba, na hapakuwa na mtu aliyetaka kuingia ndani.

Mechi iliyofuata wenyeji wa mashindano walitutoa. Goli moja. Mwishoni tulidai penalti na mwamuzi akatukatalia, na kibandani mtu alilia waziwazi, mwanamume wa makamo, bila kujificha. Mama mkwe alimpa njegere mbichi mkononi, kama unavyompa mtoto kitu cha kumtuliza, na yule mtu akazitafuna huku machozi yanatoka. Tulitembea kurudi nyumbani. Nilidhani kwake yamekwisha hapo, kwamba alikuwa amekuja kwa ajili yangu na sasa deni la wema limelipika. Asubuhi yake, nikiwa nachochea uji, akaniuliza, "Leo wanacheza akina nani?"

Akaendelea. Alichagua nchi za kuzishangilia kwa sababu zake mwenyewe, moja kwa kuwa kocha wao alionekana amechoka, nyingine kwa kuwa kipa wao alifanana na marehemu kaka yake. Wanawake wakaongezeka mpaka mwenye kibanda akatoboa dirisha la pili. Nami Kishambaa kilianza kunikaa mdomoni, kwanza maneno ya mpira, piga, kimbia, mjinga wewe, baadaye maneno ya nyumbani.

Mume wangu alirudi siku ya nusu fainali, amechafuka vumbi la barabarani, amebeba mchele na kitenge cha mama yake. Alikuta tumekwishavaa masweta. Alisimama uani anatuangalia, mama yake na mimi, tunabishana kama bao la juzi lilikuwa la kuotea, mimi kwa Kishambaa kibovu, yeye kwa Kiswahili chake cha sokoni, kila mmoja anajenga uwanja kwa maganda ya njegere juu ya ungo.

"Shikamoo mama," alisema. "Mnakwenda wapi?"

"Marahaba. Mpirani." Akanigeukia. "Mpe mtoto wake."

Nikamfungua binti yangu mgongoni, nikamkabidhi baba yake. Mama mkwe akamwonesha uji ulipofunikwa na maji ya moto yalipo, akamwambia akilia ambembeleze kwa kutembea, si kwa kukaa. Kisha akachukua kigoda.

"Mama, nami nilitaka kuona mechi," mume wangu alisema.

"Wewe utaipata redioni," alimjibu, na akanishika mkono, kwa sababu mvua ilikuwa imenyesha na njia ilikuwa inateleza.